Ubao wa Mfenesi

Ujumbe wa Mwalimu Shamima uliingia kwenye simu ya Talib siku ya Jumatatu, baada ya sala ya adhuhuri, na kwa kuwa ulikuwa ujumbe wa heshima, aliusoma akiwa amesimama. Mwalimu Shamima alikuwa na skuli yake ya kuteleza mawimbini huko Unguja, na alitaka msaidizi mmoja. Mmoja tu. Baada ya wiki mbili, Jumamosi, angevuka kuja Pemba, awatazame vijana wa Makangale wakipanda Mkwezi, na atakayempendeza angeondoka naye.

Mkwezi ni wimbi. Huzaliwa kwenye mwamba nje ya pwani, husimama wima kama mnazi, kisha hushuka kwa haraka ya mtu aliyekutana na nyoka kileleni. Wavuvi hulikwepa na kulitaja kwa adabu. Talib na binamu yake Hudhaifa walikuwa wamelisoma kwa miaka mitatu, kila likizo, kwa bidii ambayo hesabu na kemia hazikupata kuiona. Talib alimaliza skuli ya dahalia na cheti ambacho mama yake alikiweka chini kabisa ya sanduku, mahali penye usalama, asije mtu akakisoma. Kwa hiyo ujumbe ule haukuwa wa mchezo. Ulikuwa ndio mlango pekee uliobaki wazi.

“Njoo na ubao imara,” Mwalimu Shamima aliandika. “Wimbi lenu lina kasi na limesimama sana. Nimeona mbao nzuri zikikatika vipande viwili hapo. Ukivunjikiwa kabla sijakuona, sitaweza kungoja.”

Ubao Talib alikuwa nao. Mgeni mmoja Mreno aliuacha hotelini, na Talib alipewa baada ya kumbebea mizigo msimu mzima. Ulikuwa mfupi, mwembamba mkiani, pua imepinda juu kama kiatu cha sultani, na uzito wake haukuzidi majogoo mawili. Kwa wimbi lililosimama, umbo ndilo hilo: mwepesi ili uwahi kusimama, mkia mwembamba ili ugeuke, pua ya juu ili isichome maji. Aibu yake ilikuwa moja. Ngozi yake ilikuwa nyembamba, na tayari ilikuwa na ufa alioubandika mwenyewe kwa kitambaa na gundi. Dawa yake pia aliijua: tabaka mbili zaidi za kitambaa kile cha nyuzi za kioo, chini ya miguu na mkiani, uwe imara bila ya kuwa mzito. Angeagiza kitambaa Unguja, kingefika kwa wakati, na hadithi hii isingekuwepo.

Badala yake alifanya kosa la kuusoma ujumbe kwa sauti mbele ya baba yake.

Baba yake, Fundi Silima, alikuwa muundaji wa mashua. Ameunda mashua thalathini na moja, na hakuna hata moja iliyozama kwa kosa la fundi. Zilizozama, zilizamishwa na wenyewe, na hata hivyo ziliteremka chini zikiwa nzima. Kwa miaka mitatu hakupata kuuliza neno juu ya mawimbi ya mwanawe. Aliuita mchezo wa kuanguka, akamaliza. Lakini siku ile aliweka tezo chini.

“Soma tena hapo.”

“Njoo na ubao imara.”

“Imara,” Fundi Silima akasema, kwa sauti ya mtu aliyetajiwa kijiji chake akiwa ugenini. “Hilo ndilo neno la kwanza la maana nililolisikia katika kuanguka kwako huko. Ntakuchongea.”

“Baba, n'nao ule wa mgeni. Nikiuongeza kitambaa…”

“Ule gamba la yai? Ule ukiukoholea unapasuka. Nshasema ntakuchongea.”

Talib alitazama uso wa baba yake, akaona kitu ambacho hakukizoea: hamu. Akajaribu njia ya pembeni.

“Basi uwe wa msufi, baba. Msufi mwepesi.”

“Msufi ni mti wa mito. Weye unakwenda kulala?”

Fundi akaenda nyuma ya banda na kurudi na ubao wa mfenesi, wa manjano kama asali, mpana, mnene, ulionyooka. Ulikuwa umehifadhiwa pale miaka sita. Kila mtu nyumbani alijua kuwa ni wa kitanda cha harusi ya Talib, isipokuwa bibi harusi, ambaye alikuwa bado hajatafutwa.

“Ndiyo umeshaoa,” Hudhaifa akamwambia siku ya pili, alipokuja kuutazama. “Mkeo mzito, lakini ana heshima.”

“Weye utapanda nini, bwana harusi mdogo?”

“Mlango wangu wa friji.”

Hudhaifa hakuwa akitania. Aliuokota jaani, akaukata ncha kwa msumeno, na juu yake alikuwa amejifunza yote aliyofundishwa na Talib, pamoja na mengine ambayo mlango wa friji humfundisha mtu wenyewe.

Siku zile zilikuwa za raha, na hilo ndilo lililokuja kuuma baadaye. Fundi Silima alimlaza mwanawe juu ya mfenesi kama maiti mtiifu, akamchora kwa mkaa pande zote, akapima kwa pima na shibiri. Alichonga huku akiimba puani. Alimuuliza Talib maswali: wimbi linakuja kwa upande gani, miguu unaiweka wapi, unaona nini ukiwa juu. Talib alijibu yote. Tangu azaliwe hakuwa amezungumza na baba yake maneno mengi kiasi kile bila ya mmoja wao kuwa na kosa. Kila jioni alijiambia kuwa kesho atauzungumzia uzito, na kila kesho baba yake alikuwa na swali jipya.

Wiki moja kabla ya siku yenyewe aliingia bandani akakuta ubao umepinduliwa, na chini yake, kutoka puani hadi mkiani, umetiwa mkuku, uti wa chini kama wa mashua.

“Baba, mkuku wa nini?”

“Usiyumbe.”

“Lakini nataka kuyumba. Mkwezi hulishuki moja kwa moja, unalikata kwa upande. Ukishuka moja kwa moja pua inachoma maji, na weye unaifuata.”

“Chombo kisicho na mkuku ni sinia,” Fundi akasema bila ya kuinua macho. Alikuwa akiulainisha kwa kiganja, polepole, kama mtu anayempaka mtoto mafuta. “Mie siundi masinia, mwanangu. Nipokeze hiyo sifa ya papa.”

Talib akampokeza kopo la mafuta. Ubao ulipakwa tabaka tatu za mafuta yale, na kwa siku nne paka wote wa Makangale walikuwa na adabu na nyumba ile.

Lakini alikuwa na mpango. Talib wa dahalia hakosi mpango. Angezipeleka mbao zote mbili pwani, apande ule wa mgeni, kisha apigwe picha na ule wa mfenesi, na baba yake angeridhika na picha. Mpango ulikuwa mzuri. Hakuuliza tu kwa nini mama yake alikaanga visheti usiku wa kuamkia Jumamosi.

Alipofika pwani, baba yake alikuwa keshatangulia, amevaa kanzu yake ya Idi. Alikuwepo Shehe Msellem. Chetezo kilikuwa kinafuka ubani, visheti viko sahanini, na ubao wa mfenesi umelazwa juu ya magogo mawili kama mashua inayongoja kushushwa. Kwa Fundi Silima chombo ni chombo. Alichokiunda hukisomea dua, na alichokisomea kina sheria zake, ambazo hakuna mtu wa Makangale asiyezijua: hakirudi kikavu siku yake ya kwanza, na hakipandi mwengine kabla ya mwenyewe. Anayekiacha pwani amemwambia fundi, mbele ya watu, kwamba kazi yake haifai.

Shehe akasoma dua ndefu. Aliomba ubao uepushwe na mwamba, na hasadi, na papa, ingawa kwa harufu ile papa wangedhani ni jamaa yao. Watu wakaitikia amin. Hudhaifa aliitikia kwa nguvu huku akiuficha mlango wake wa friji nyuma ya mgongo.

Mwalimu Shamima alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, mtandio ameufunga barabara shingoni. Alimsalimu Shehe, akamwamkia Fundi, akala kisheti. Kisha akaugonga ubao kwa kifundo cha kidole.

“Imara kweli,” akasema. Akautazama na ule wa mgeni, uliokuwa umeegemezwa kwenye jiwe. “Sasa Talib, utapanda upi?”

Hapo ndipo. Fundi Silima alikuwa anatazama baharini kama mtu asiyehusika, lakini vidole vyake vilikuwa vimeshika upindo wa kanzu na kuukunja, na kuukunjua, na kuukunja. Talib akafungua kinywa. Moshi wa ubani ukamwingia, akakohoa.

“Huu,” akasema. “Wa baba.”

Kisha, kwa kuwa mtu akishaanza kujiangamiza huwa mkarimu, akauchukua ubao wa mgeni akamtupia Hudhaifa. “Shika. Mlango wa friji utatutia aibu mbele ya mgeni.”

“Una wazimu weye? Huu ni…”

“Shika, nkwambia.”

Kila mmoja alipewa mawimbi matatu. La kwanza lilimpita Talib. Alipiga maji kwa mikono hadi mabega yakawaka, na ubao ukasogea kwa taratibu ya kinu, Mkwezi likapita juu yake bila ya salamu. La pili alilipata. Akasimama, na kwa muda wa pumzi moja alikuwa juu kabisa, akiona pwani, kanzu nyeupe, moshi wa ubani. Akakunja magoti ageuke. Mkuku haukugeuka. Ulifanya kazi uliyoundiwa, ukashuka moja kwa moja bila ya kuyumba hata chembe, pua ikachoma, na Talib akaifuata. La tatu lilikuwa kama la pili, isipokuwa ubao ulipoanguka ulipita karibu na sikio lake, akausikia uzito wake ukivuma. Ukagonga mwamba. Mwamba ukamegeka kipande.

Aliporudi mchangani Mwalimu Shamima alimpa taulo. Talib alijua maana ya taulo lisilo na neno.

Hudhaifa akaingia. Alikuwa hajapata kukanyaga ubao wa kweli ila kwa kuazima, na ulimpokea kama uliokuwa ukimngoja. Akalikata la kwanza kwa upande. Akalikata la pili, chini, juu, chini tena, vilevile alivyofundishwa, hata ule mkono wa kushoto alioutupa nyuma ulikuwa wa Talib. La tatu alifika mwisho, akataka kuonesha zaidi, ubao ukapiga mwamba na kukatika pale pale penye ufa. Alitoka majini na nusu kichwani kama kofia, anacheka, mpaka alipomwona binamu yake.

“Ubao tutapata mwengine,” Mwalimu Shamima akasema. “Mtu ndiye adimu. Hudhaifa, boti ni Jumanne.” Kisha akamgeukia Talib, akapunguza sauti. “Mwenzio kaniambia kabla hatujaanza kuwa weye ndiye mwalimu wake.”

“Kasema kweli.”

“Mie nimekuja kutazama, si kusikiliza. Usinikasirikie.”

“Sikukasirikii, mwalimu.”

Hudhaifa akamfuata hadi kwenye magogo. “Talib, wallahi mie sikutaka…”

“Ulitaka. Nipe nusu zangu za ubao, uende ukawaambie kwenu.”

Watu walitawanyika na visheti vyao. Fundi Silima aliinama juu ya mfenesi, akaukagua kila upande, akapitisha kiganja kwenye mkuku. Hakukuwa na ufa. Hakukuwa na mkwaruzo unaostahili jina hilo. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko ukaguzi unavyohitaji. Kisha akashika kichwani, Talib akashika mkiani, wakaanza kupanda njia ya nyumbani, kwa sababu ubao ule mtu mmoja hauwezi.

Walipofika kwenye mikarafuu, Fundi alisema bila ya kugeuka.

“Ulijua?”

“Nilijua.”

“Hukunambia.”

“Nilikwambia, baba. Siku ya msufi. Na siku ya mkuku.”

Ubao uliwakata mabegani.

“Ungalisema mara ya tatu,” Fundi Silima akasema.

Talib alikuwa na majibu, na yote yalikuwa makali, na moja alikuwa ameshalifikisha kwenye meno. Ndipo Nyange, jirani yao, akatoka kwenye shamba lake la muhogo, jembe begani, akasimama kando kuwapisha.

“Mashaallah! Nasikia ubao umegonga mwamba na haukudhurika! Huo hauvunjiki, fundi. Huo wajukuu wataukuta.”

Fundi Silima aliusogeza ubao begani. Mabega yake yalikuwa yameshuka ndani ya kanzu ya Idi. Talib akangoja baba yake ajibu, kama inavyopasa mtu anaposifiwa kazi yake, akaona hajibu, na hatajibu.

“Wataukuta, inshaallah,” Talib akasema. “Baba ndiye kauchonga.”

Wakaendelea kupanda.