Likizo ya Siku Mbili ya Marehemu Kuwabara

Jumapili asubuhi Hisae Kuwabara alitandaza mezani picha tatu za nyumba za wageni, akaweka kikombe juu ya kila moja ili zisijikunje, kisha akamwita mumewe aje kuchagua. Tsuneo alitoka ndani ya madhabahu ndogo ya ukoo iliyokuwa sebuleni, akafunga milango yake taratibu, akaketi. Alikuwa amefariki miaka mitatu iliyopita.

Alifia ofisini, kwenye meza yake, siku ya Jumanne. Mazishi yalifanyika Ijumaa. Jumatatu iliyofuata alipanda treni ya saa kumi na mbili na dakika kumi kama kawaida, kwa kuwa ripoti ya robo mwaka ilikuwa mikononi mwake na hakuna aliyemwambia asije. Wenzake walimsalimu. Mkuu wa idara alimpa pole kwa msiba, akampa na ripoti ya robo iliyofuata.

Mwaka huu ofisi ilitoa waraka kwamba kila mfanyakazi lazima achukue likizo. Ikabainika kwamba Tsuneo, katika miaka thelathini na minne ya utumishi, akiwa hai na akiwa marehemu, hakuwahi kuchukua hata siku moja. Alipewa siku mbili za Novemba. Mkewe alichagua Kanazawa, mji ambako walipaswa kwenda fungate. Kilichobaki ni mahali pa kulala.

Binti yao, Chinatsu, alikuwa tayari na simu ya kuwekea nafasi.

"Hii ya kwanza imeungana na stesheni," alisema. "Ukitoka kwenye lifti, treni hii hapa."

"Hiyo hiyo," alisema Tsuneo.

"Baba, hata nyingine hujaziona."

"Wakiniita nitawahi."

"Yaani mtu hata akifa hapumziki?" aliuliza Hisae. "Hebu niambie, Baba Chinatsu, ulinioa mimi au uliioa ile ofisi?"

"Usikasirike, Mama Chinatsu. Ni tahadhari tu."

"Tahadhari! Ungekuwa nayo wakati ule, leo tungekuwa tunazungumza mengine."

Chinatsu alikohoa, akasogeza picha ya pili. Ilikuwa hoteli ya katikati ya maduka, na hakuna aliyeitazama. Ya tatu ilikuwa nyumba ya mbao yenye vyumba kumi na kimoja, kando ya mto Asano. Chakula cha jioni kililetwa chumbani, na magodoro yalitandikwa juu ya mikeka, moja ubavuni mwa lingine. Kutoka stesheni ilikuwa dakika arobaini kwa miguu.

"Mbali," alisema Tsuneo.

"Mbali kweli," alisema Hisae, na hakuondoa kidole chake kwenye picha.

Tsuneo alikitazama kidole hicho kwa muda. "Haya, Mama. Huko huko."

Chinatsu alipiga simu. Mwenye nyumba, Bi Nomoto, aliuliza majina, umri, na kama kulikuwa na chakula ambacho wageni hawali.

"Baba ni marehemu," alieleza Chinatsu. "Anakula mvuke wa wali tu."

"Hakuna shida, mwanangu. Tutamletea ukiwa wa moto. Ila godoro lake tutalielekeza kaskazini, upande wa kichwa cha maiti, na la mama kusini. Ndiyo desturi yetu hapa."

Mume na mke walifika Alhamisi mchana. Walitazama mto, kisha walirudi kula. Hisae alikula bata wa kuchemshwa, Tsuneo aliinamia bakuli mpaka wali ukapoa. Bi Nomoto alikuja kutandika. Aliyapanga magodoro kama alivyosema, hata miguu ya mume ikawa sambamba na uso wa mke.

Alipotoka, Hisae aliinuka, akalizungusha godoro lake.

"Mama Chinatsu, ni mwiko huo. Aliye hai halali hivyo."

"Miaka yote nimelala na kisogo chako. Leo nitalala na uso."

Walilala vichwa vikiwa kaskazini. Asubuhi Bi Nomoto aliona, akauliza kama chai iwe nzito au nyepesi.

Saa tatu simu ya Tsuneo iliita. Mkuu wa idara alihitaji faili moja ambalo Tsuneo pekee ndiye aliyejua lilipo, na maelezo yake, na mkutano ulikuwa alasiri ile. Tsuneo aliinama mara nne mbele ya simu. Alivaa tai.

"Utachelewa," alisema Hisae, akimnyooshea kola. "Twende nikusindikize."

Walitembea. Njiani mafundi walikuwa wakifunga matawi ya misonobari kwa kamba, yasije yakavunjwa na theluji.

"Kamba zote hizo kwa mti mmoja," alisema Tsuneo.

"Ulitaka nao ubebe theluji yote peke yake?"

Kwenye kituo cha kwanza, basi la stesheni lilisimama mbele yao, mlango ukafunguka. Dereva alisubiri. Wote wawili walilitazama basi, na hakuna aliyepanda. Kituo cha pili ikawa vivyo hivyo. Walipofika sokoni walisimama kuangalia kaa, ingawa hawakununua, na treni ya saa nne ikaondoka bila Tsuneo. Ya saa nne na nusu nayo ikaondoka wakiwa darajani karibu na stesheni, Hisae akifunga upya kamba za viatu ambazo hazikuwa zimelegea.

Treni ya saa tano iliondoka kwa wakati. Tsuneo alisimama dirishani mpaka jukwaa likaisha. Kabla ya saa nane mchana alikuwa kwenye meza yake, amewaomba radhi wenzake wote, mmoja mmoja, kwa kuwasumbua na likizo yake. Siku iliyobaki ilifutwa kwenye daftari, kwa kuwa mwaka wa hesabu haukuruhusu kuihamisha.

Hisae alirudi mtoni kwa basi, maana sasa hakuwa na sababu ya kwenda polepole.