Besek ya Karani

Jua lilipofika saa mbili, Mbok Rubinem alikuwa amekwisha kupekua kila kitu chenye kifuniko. Alianza na kasha kubwa la magurudumu, lile ambalo mama mkwe wake alilala juu yake miaka thelathini akilinda mpunga. Akaingia ndani mpaka kiunoni, akatoka na vumbi la pumba kwenye nyusi. Akafungua bweta la vitambaa vya ndoa, kijaluba cha tambuu, jamanda la kupelekea chakula shambani, mkebe wa sindano, tenga la kuku. Hata mtungi wa mchele aliumwaga wote sakafuni.

"Hamna," alisema.

"Tazama tena, Mama," alisema Tukinah, mke wa mwanawe. Alisema bila kumtazama usoni.

Kilichotafutwa ni karatasi moja tu: stakabadhi ya kodi ya shamba na kiwanja, yenye jina la baba mkwe wake, iliyotolewa enzi za Waholanzi. Adhuhuri ya siku hiyo kamati ya bwawa litakalokizamisha kijiji ingekaa barazani. Mwenye karatasi angeandikwa mwenye ardhi, apewe shamba jingine huko juu ambako maji hayatafika. Asiye nayo angeandikwa mvamizi wa ardhi ya serikali, apakiwe kwenye lori, kisha meli, kisha atupwe katika misitu ya Sumatra na jembe moja.

Karani wa kijiji, Pak Wiryono, alikwisha kupita na fomu zake kuorodhesha mali. Kasha, bweta, kijaluba, jamanda, tenga, vyote aliviandika kwa neno moja: sanduku. Rubinem alipomwambia kwamba mtu akilala juu ya jamanda ataamkia sakafuni, karani alicheka. "Maji hayataliuliza jina, Mbok." Ndivyo wafanyavyo hao. Wanaanza kwa kukufutia jina la kitu, na kitu chenyewe kinafuata.

Marehemu Darmo, mumewe, aliwajua vizuri. Mwaka ule wa mauaji ya wakomunisti, wenye silaha walipoingia kijijini, walianza na makasha. Jirani aliyekutwa na kadi ya chama cha wakulima ndani ya kasha lake alipelekwa mtoni, hakurudi. Tangu hapo Darmo hakuweka kitu cha maana ndani ya kasha. Alisuka besek, kile kikasha cha mianzi ambacho wali wa karamu hupelekwa nacho kwa majirani na ambacho hakuna anayekirudisha. Akaisukia matako mawili, katikati akailaza karatasi, akaichanganya na besek tupu juu ya uchaga wa jikoni.

"Nani ataiba kitu cha kutupwa?" alimwambia mkewe.

Jumanne iliyopita zilitimia siku mia tangu Darmo azikwe. Siku hiyo mfiwa haingii jikoni, majirani wanawake pamoja na mke wa mwana ndio wanaopika na kupakua. Rubinem alikaa sebuleni na wasoma dua. Besek arobaini zikatoka na wali, yai na kuku. Leo alfajiri alipoinua mkono kuchukua karatasi, uchaga ulikuwa mtupu kabisa. Hapo ndipo alipoanza kupekua kila kitu, akijidanganya kwamba labda Darmo aliihamisha.

Akafunga kitambaa kichwani, akaanza nyumba hadi nyumba, Tukinah nyuma yake.

"Mbok, umekuja kuudai wali?" alisema mzee Karso, jirani wa kwanza. "Wangu umeshatoka zamani. Ukiutaka, jembe lile pale, fukua!"

Wanawake kisimani wakaangua kicheko. Rubinem hakucheka. Karso alipouona uso wake akaipindua besek yake, vifaranga wakatawanyika. Tako lilikuwa moja.

Nyumba ya pili besek imeoteshwa miche ya pilipili. Ya tatu imewashiwa moto. Rubinem akapiga magoti mbele ya jiko la watu, akachambua majivu kwa vidole kana kwamba karatasi iliyoungua huacha mfupa. Ya nne, ya tano, ya sita. Jua lilikuwa linapanda. Kutoka ya tisa, Tukinah akasimama katikati ya njia, akajishika kichwa.

"Mama, nipige."

"Nini?"

"Ilikuwepo moja nzito. Tako lake gumu. Nikasema hii itabeba kuku mzima, hii ni ya Pak karani."

Rubinem hakumpiga. Angempigia nini? Hakuna aliyemwambia ampelekee karani kuku mzima. Mkono wenyewe ulijua, kama mikono yetu sote inavyojua, tangu Waholanzi, kuwapa fungu nono wale wanaotukaba.

Walimkuta Lastri, mke wa karani, akisugua vyungu uani. Besek ilining'inia ukutani, ndani yake vitunguu saumu. Tako la chini lilikuwa limechanwa kwa kisu.

"Dada Lastri," alisema Rubinem, "iko wapi?"

Lastri aliendelea kusugua chungu kilichokwisha kung'aa. "Mafuta yalipenya, tako likalegea, mume wangu akalichana. Akaisoma, akaikunja, akaenda nayo ofisini. Kabati la chuma. Ufunguo anao kiunoni." Kisha kwa sauti ya chini: "Mbok, mimi nina watoto. Sikukwambia kitu."

Barazani palikuwa pamejaa. Bwana mmoja wa wilayani, mwenye miwani myeusi, alikaa katikati. Pak Wiryono aliita majina.

"Rubinem, mjane wa Darmo. Karatasi?"

"Imo kwenye kabati lako la chuma, Pak. Fungua."

"Kabatini mna vitu vya serikali, Mbok."

"Na kuku wangu je, naye ni wa serikali? Ulimla mpaka ukafika kwenye karatasi yangu!"

Watu wakacheka, hata mgambo mmoja. Bwana wa wilayani akavua miwani, akauliza taratibu, "Huyo mume wake, mwaka ule, alikuwa mwekundu?"

Kicheko kikakatika kama kamba.

Rubinem akawageukia. "Jamani! Shamba hili mmelivuna nami. Karso, baba yako alilima na baba mkwe wangu. Semeni basi ni la nani!"

Watu wakatazama kandambili zao. Karso alikuwa ameikamata karatasi yake kifuani kwa mikono miwili.

"Hana karatasi," alisema karani, akaandika. Akasogeza kidau cha wino.

Rubinem akafumba ngumi. Mgambo wawili wakamfumbua kidole kimoja kimoja, yule aliyecheka akiwa mmoja wao. "Samahani, Mbok," alinong'ona, akakikandamiza kidole gumba chake kwenye wino, kisha kwenye fomu ya meli.

Walipomwachilia alitoka nje, akaketi kwenye majani karibu na lori, akaanza kukisugua kidole. Alisugua kwa majani, kwa mchanga, kwa mate, mpaka ngozi ikachubuka. Wino haukutoka. Tukinah alimshika bega, Rubinem akaukung'uta mkono wake.

Ndani, karani aliita, "Karso!"

Meza ikagongwa.

"Karso! Njoo na karatasi yako!"

Rubinem aliendelea kusugua. Jina likaitwa mara ya tatu, kwa ukali, na bado hakuna kandambili zilizosikika zikisogea mezani.