Mshale Uliochelewa

Tangu saa tisa Praxeda alikuwa hakaliki. Akiketi, anainuka. Akiinuka, anatafuta cha kufanya: mara anakaza kifuniko cha chupa ya chai, mara anakilegeza, mara anasogeza pazia atazame barabara ya Rebero kana kwamba anangoja wageni, na wageni wote wamo ndani. Mwenye siri kiti humchoma, na kiti cha bibi huyu siku hiyo kilikuwa na makaa.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Asubuhi watu walikuwa wametoka umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, wamefyeka na kuzibua mitaro, wakaoga, na mchana wachezaji wakakusanyika kwa Praxeda kama ilivyo desturi yao. Mwanzo walikuwa sita. Connie akahamia Musanze, Bertrand akaoa, wakabaki wanne.

Mchezo wenyewe ni wa kusimulia. Mutoni, mjukuu wa Praxeda, ndiye mtegaji: huitunga nchi ya mapango na mazimwi na kuwasemea maadui. Wengine kila mmoja ana mtu wake kwenye karatasi, pamoja na nguvu zake na uganga wake, na penye shaka hurushwa dadu ya pande ishirini. Praxeda, aliyeishia darasa la saba kule Karagwe, alipoelezwa mara ya kwanza alipiga makofi: "Kumbe ni vitendawili vyenye mapanga!" Akaomba karatasi, akamwandika mganga wake, Nyangoma, na tangu hapo hakukosa hata mwezi mmoja. Binti yake hurudi kutoka kazini jioni amechoka. Majirani ni watu wema, lakini Kinyarwanda chao humpita masikioni kama treni. Mezani hapa ndipo alipoongea akaeleweka, akataniwa, akatania.

Leo mezani hapo palikuwa na kesi.

"Rudia, Mutoni," alisema Gerald, dereva wa lori la Rusumo, yule anayemletea Praxeda senene na habari za nyumbani. "Rudia polepole, maana mimi masikio yangu yana vumbi la njia."

"Twahiru amempiga mchawi mshale," Mutoni alisema. "Ule wa Jicho la Mwindaji, wenye sumu. Mshale iko hewani. Mchawi akafanya Badili-Nafasi na shujaa wako Chuma. Sasa Chuma amesimama pale mchawi alikuwa, na mchawi iko pale kwa Chuma. Mshale unafika pale. Chuma anakufa."

"Chuma anakufa! Miaka miwili namlea, anauawa na mshale wa rafiki yake!"

"Mimi nimelenga mchawi, wallahi," Twahiru alijitetea. Huyu ni fundi cherehani wa Biryogo, mpole kama pamba. "Sikukulenga wewe, kaka."

"Ndiyo hoja yangu hiyo! Kalengwa mchawi, apigwe mchawi! Mshale una jicho, ndiyo maana ukaitwa Jicho. Au jicho lenyewe lina mtoto wa jicho?"

Twahiru alicheka, akajizuia. Mutoni hakucheka.

"Gerald, mwezi uliopita tuliamua. Yule mwindaji wa pangoni alipiga Bibi mshale huo huo. Bibi akabadili nafasi na askari wa adui, mshale ukampata askari. Nilisema mshale unafuata mahali, haufuati mtu. Mlipiga makofi nyote, na wewe ulipiga. Leo nigeuze?"

"Iko wapi kwenye daftari?"

Daftari lilikuwa katikati ya meza. Kitabu chenyewe cha mchezo ni cha Kiingereza, kinene kama tofali, lakini Twahiru na Mutoni walikuwa wamezihamisha sheria zake kwa Kiswahili, kwa mwandiko wa Twahiru ulionyooka kama mshono, kisha kitabu wakakirudisha kwa mwenyewe. Kila mwezi daftari hulala kwa mchezaji mmoja. Mwezi huu lililala kwa Praxeda.

Mutoni alifunua kurasa. Praxeda akainuka tena, akaenda kwenye sinia, akazipanga sambusa zilizokwisha kupangwa.

"Hapa iko Badili-Nafasi. Hapa iko Kufuli la Sauti... Jicho la Mwindaji siioni. Hata mwezi uliopita hatukuiona. Niliamua kwa kichwa tu."

"Kwa kichwa, au kwa moyo?" Gerald alisema.

"Unamaanisha nini?"

"Simaanishi. Nasema tu kwamba akilengwa bibi, mshale unakuwa kipofu, na nikisimama mimi, unaniona vizuri."

Mutoni akalifunga daftari. "Mimi si mtu wa kupendelea, Gerald. Rwose, kweli kabisa, hilo usiniambie nyumbani kwetu."

"Basi nisiwe nyumbani kwenu." Gerald alitoa simu, akabonyeza. "Naita moto, pikipiki inichukue. Chuma kafa, na mimi nimemaliza. Muendelee."

Muendelee akina nani? Praxeda alihesabu bila kutaka: Twahiru na yeye. Meza ya wawili haichezeki, hata Mutoni alishasema. Nje ya hapo kulikuwa na Jumamosi zinazofanana, na geti, na televisheni inayosema peke yake.

Na jibu alikuwa nalo tangu wiki ya kwanza ya mwezi.

Jioni moja alikuwa analisoma daftari kwa kidole, mstari kwa mstari, kama alivyofundishwa na walimu wake. Akaona ukurasa mmoja mnene kuliko wenzake. Chai ya maziwa ilikuwa imemwagika zamani, ikagandisha kurasa mbili zikawa moja. Akazichambua kwa ncha ya kisu, taratibu, akasoma. Halafu akafunga daftari, akaliweka chini ya kikapu kizito cha viazi mpaka asubuhi. Kurasa zikashikana tena. Alijiambia hakufanya neno: alizikuta zimeshikana, akaziacha zimeshikana.

Pikipiki ikapiga honi getini. Gerald akachukua koti lake.

"Shikamoo, Bibi. Nakuaga."

"Sijaitikia," Praxeda alisema. "Keti."

"Bibi, jamaa ananingoja."

"Na angoje. Kitendawili!"

Wote watatu walimtazama. Twahiru ndiye aliyejibu, kwa mazoea tu. "Tega."

"Nina nyumba ya vyumba arobaini. Chumba kimoja kimefungwa kwa chai, na ndani yake amelala mwenye haki."

Honi ikalia tena. Gerald alihama mguu huu akaenda mguu ule, lakini mtu wa Kagera haachi kitendawili kikining'inia, ni kama kuacha mtoto kisimani.

"Chupa?" Mutoni alijaribu.

"Umekosa."

"Tumeshindwa, Bibi. Tunakupa mji. Chukua Bukoba yote, uniache niende," Gerald alisema.

"Siutaki. Leo mimi ndiye ninayetoa mji." Akalivuta daftari, akachukua kisu cha kukatia sambusa, akakipenyeza. Karatasi zikaachana kwa sauti ndogo ya kuchanika. "Twahiru, mwandiko ni wako. Soma."

Twahiru akasoma: "Jicho la Mwindaji. Huufunga mshale kwa mtu, si kwa mahali. Aliyelengwa akihama kwa mguu au kwa uganga, mshale humfuata, wala hauchoki mpaka umpate."

"Niliusoma majuma matatu yaliyopita," Praxeda alisema. "Nikaufunga. Nilimpenda Nyangoma wangu. Mutoni hakupendelea mtu. Mwizi ni mimi."

"Bibi!" Mutoni akashika kichwa. "Mwezi mzima?"

"Mwezi mzima. Na sambusa zilikuwa hazinishuki."

Gerald alikuwa bado na koti mkononi. "Basi mchawi ndiye aliyekufa."

"Mchawi amekufa," alikubali Mutoni. "Chuma mzima."

"Ngoja," Twahiru alisema. Kidole chake kilikuwa bado kwenye mstari wa mwisho. "Hapa imeandikwa hauchoki. Basi ule wa mwezi uliopita... ule wa Bibi..."

Praxeda akammalizia mwenyewe. "Ulimpita yule askari, ukaendelea kunitafuta. Umetembea mwezi mzima. Nausikia unakuja."

"Tuufute tu," Mutoni alisema haraka. "Yameisha yale. Mimi ndiye mtegaji, naweza kufuta."

"Ukifuta wangu, futa na wa mchawi. Sheria haina bibi."

Gerald akalitupa koti kitini. "Subiri kwanza! Chuma ana ngao. Ngao humkinga rafiki aliye hatua moja. Naenda nasimama mbele ya Nyangoma!"

"Si unafuata mtu?" Twahiru aliuliza.

"Unafuata mtu, na njiani unakuta ngao! Soma ngao inasemaje!"

"Inasema hatua moja, kaka, na wewe uko ng'ambo ya ukumbi, mchawi kakupeleka—"

"Nilipelekwa! Sikwenda! Na mguu wangu nikiutumia sasa?"

Wakainamia daftari vichwa vitatu, kila mmoja akimpokonya mwenzake mstari. Nje honi ililia mara ya tatu, ndefu, ya hasira. Gerald akafungua dirisha, akapaza sauti: "Samahani, ndugu! Nenda tu, siendi tena! Kuna mtu anataka kufa hapa!"

Mwendesha moto akawasha, akashuka mlima.

Praxeda alikuwa amesimama, dadu mkononi. "Gerald, mwanangu, weka ngao chini. Nimejikinga vya kutosha. Mutoni, niambie namba."

Mutoni akapitisha kidole kwenye daftari. "Kumi na saba kwenda juu, sumu haikuui."

Dadu ilibiringika, ikagonga sahani, ikazunguka kwenye pembe yake, ikalala. Nne.

Gerald akavua kofia. Twahiru akasema maneno yake ya msiba kwa sauti ya chini, kwa heshima kabisa, kama ilivyompasa mtu aliyekufa kweli. Praxeda akaikunja karatasi ya Nyangoma mara nne, akaitia kwenye mfuko wa kitenge.

"Basi marahaba," alimwambia Gerald. "Ulinisalimu, nikakunyima."

Kisha akaisogeza chupa ya chai hadi mwisho kabisa wa meza, mbali na daftari, akaketi. Safari hii kiti kilimpokea.

"Nipeni karatasi mpya," alisema. "Na sasa nataka mwenye upinde."