Pangaboi la Seremala

Mkwe na baba mkwe wake hawakuwa na mengi ya kuzungumza. Mkwe alikuwa fundi simu, kazi yake ikiwa juu ya meza moja karibu na dirisha la sebuleni. Mzee alikuwa seremala mstaafu, na tangu afiwe na mkewe alishinda uani akichonga vitu ambavyo hakuna aliyeviagiza. Mume wa mkwe, mwana wa mzee, alipohamishiwa kazi ya mbali, nyumba ilizidi kupooza. Salamu asubuhi, salamu jioni, basi.

Boti ndogo ya kuchezea ndiyo iliyowakutanisha. Mzee aliichonga bapa kama sinia, akaichongea na pangaboi la mti la kukaa mgongoni, lisukume hewa badala ya maji, maana bwawa la nyuma ya kiwanda cha matofali lilijaa magugu. Akaiweka mezani kwa mkwewe.

"Mwanangu, itie umeme iende kwa rimoti."

Mkwe alifurahi kuliko alivyoonyesha. Alifunga mota, akaweka betri na fyuzi, na kipokezi cha rimoti akakitia ndani ya kopo lenye mfuniko wa kubana, maji yasipenye. Viungo vya waya alivichomea risasi, akavivisha mipira. Siku ya kujaribu akasema, "Baba, pangaboi tusilifunge kwanza. Mota izunguke tupu mpaka tujue inatii."

"Mota tupu niitazamie nini? Hiyo ni harusi bila bibi harusi!"

Mkwe alicheka kwa adabu. Mteja akabisha hodi, akatoka kumpokea.

Aliporudi, pangaboi lilikuwa limekwishafungwa na mzee anachomeka betri. Rimoti ilikuwa imewashwa, na kijiti cha mwendo kimesukumwa juu kabisa. Kufumba na kufumbua pangaboi likanguruma, boti ikaruka mezani. Mzee akanyoosha mkono kuidaka.

"Toa mkono!"

Mkwe hakuitambua sauti ile kuwa ni yake. Mzee aliuvuta mkono, lakini ncha ya pangaboi ilikuwa imekwishapita kiganjani. Mkwe akakishusha kijiti cha rimoti, kelele zikakatika. Akachomoa betri, ndipo akaitazama damu.

Zahanatini, mganga alishona huku akiuliza, "Msumeno?"

"Boti," mzee akajibu. Mganga akadhani anataniwa.

Walirudi nyumbani kwa miguu. Kumfokea baba mkwe! Jambo lile lilimkera mkwe, mwisho akalitoa. "Baba, niwie radhi. Nilikupazia sauti."

"Ungeninong'oneza, ningebaki na vidole vingapi?"

Walipita duka la vifaa, wakapita kona. Mzee akaongeza, bila kumtazama, "Mama yenu naye alikuwa akinifokea. Kimya cha nyumba ile kimenichosha."

Nyuzi zilipotolewa, mzee alisuka kizimba cha waya wa chuma kuzunguka pangaboi. Mkwe akamfundisha, safari hii bila kumung'unya maneno: kijiti chini, rimoti iwashwe kwanza, betri ichomekwe mwisho; na wakati wa kuzima, betri itangulie kutoka. Mzee akarudia mpaka akachoka yeye, si mwalimu.

Bwawani, boti ilipofika hatua chache kutoka ukingoni, mkwe aliizima rimoti makusudi. Mota ikanyamaza.

"Imekufa?"

"Hapana, baba. Ikipotewa na rimoti inasimama yenyewe, isije ikamkimbilia mtu."

Akaiwasha tena, akamkabidhi. Boti ilipita juu ya magugu kama inateleza kwenye mafuta, bata wakatawanyika, mzee akatoa macho.

"Kata kona, baba! Kushoto!"

"Kushoto kwangu au kwa boti?"

Ikajichomeka kwenye matete, ikakwama. Mzee akashusha kijiti. Wakavua viatu, wakaingia maji ya magotini, wakibishana njia nzima ni nani aliyeharibu.