Kamati ya Lodi Mwenye Kovu

Nthenya, mama yake Ndinda, alikuwa fundi wa nguo pale sokoni Mbumbuni, mjane wa miaka hamsini na miwili, na kwa miaka mitatu alikuwa amempenda mwanamume asiyekuwepo. Vitabu alivipata mjini Kambu, kwa mama mmoja wa mitumba: hadithi za mapenzi za Uingereza ya kale, mabwana wenye farasi na wasichana wa jikoni. Safari hii alikuwa na Lodi, bwana mkubwa mwenye kovu usoni, aliyejifungia katika jumba lake na kumkataza msichana wa jikoni asifungue chumba kimoja. Nthenya alimwelewa mara moja. Lodi alikuwa eimu tu, lile zimwi la hadithi za nyanya yake, ila eimu huyu aliomba msamaha. Mwanamume anayeomba msamaha! Kutoka Mbumbuni mpaka Nuu hakuwahi kumwona.

Siku Nthenya alipofika pale msichana anapotia ufunguo mlangoni, Nzilani wa chama cha akina mama alikuja kuchukua sare za kwaya. Akakiona kitabu juu ya cherehani, na kwenye jalada mwanamume aliyeacha shati wazi mpaka kitovuni.

"Mama Ndinda, huyu ni nani?"

"Ni Lodi."

"Sisi tuna Bwana mmoja," Nzilani akasema, "na huyu si yeye."

Akaondoka na kitabu, na Jumapili iliyofuata kanisa likaunda kamati ya kukichunguza: Mzee Mulei mwenyekiti, Nzilani, na Evanson, karani mstaafu, katibu. Wakapewa wiki mbili.

Miezi miwili ikapita. Nthenya kila akiuliza, anaambiwa uchunguzi unaendelea. Mulei alisema sura ya nane ina utata, lazima irudiwe. Nzilani alikataa kutia sahihi kabla zamu yake ya kusoma haijafika tena. Evanson alionekana kwenye kituo cha bodaboda akisoma kitu kilichofungwa gazeti, midomo ikimcheza.

Mwishowe Nthenya akaitwa kuhojiwa.

"Unakubali kitabu hiki kinapotosha?" Mulei akauliza.

"Sijui, mzee. Sikumaliza."

"Kinapotosha sana! Anafungua chumba, kumbe ni kitupu! Lodi alikuwa anampima tu. Na bado msichana anakubali kuolewa, bila hata mbuzi mmoja kupelekwa kwa baba yake!"

Miezi miwili, akikanyaga cherehani, Nthenya alikuwa amekijaza chumba kile: barua, gauni la harusi, pengine mama mgonjwa. Machozi yakamlenga.

"Mzee, umeniambia mwisho."

Evanson akaacha kuandika. Mulei akakohoa, akaenda kwenye ajenda inayofuata: je, viko vingine?

Vilikuwepo vinne. Kamati ikaamua kwamba havifai kwa waumini, kwa hiyo vikabidhiwe kamati. Nthenya hakubisha. Alirudi dukani, akachukua mkasi wa vitambaa, akakata sura ya mwisho ya kila kimoja. Vilivyobaki akavipeleka, akiwa ameinamisha kichwa kama mtu aliyetubu.

Baada ya siku kumi Mulei akafika na suruali isiyo na kasoro yoyote.

"Ipunguze kidogo."

"Wapi, mzee?"

"Popote." Hakuondoka. "Kile cha binti wa msaga unga... hakina kurasa za mwisho."

"Panya wa hapa ni wabaya," Nthenya akasema. Kisha akafungua droo, akatoa kurasa. "Lakini macho yangu yamechoka na sindano. Utanisomea wewe."

Mulei akatazama sokoni, akatazama kurasa, akaketi. Alianza kwa sauti ya chini, Kiingereza chake kikitoka kama matangazo ya Jumapili. Alipofika pale binti anapomkatalia mwana wa mfalme mbele ya watu, sauti ikapanda. Muuza nyanya wa mlango wa pili akaja kusimama kizingitini. Nthenya, ambaye sura hiyo alikuwa ameisoma mara tatu, akasimamisha cherehani kabisa.

"Rudia pale anapomshika mkono."

"Nimeshapasoma, mwaitu, mama yangu."

"Rudia, mzee."

Mzee akalainisha koo, akarudi nyuma mistari miwili, na akaanza tena, polepole zaidi.