Bomba la Kuzungusha Mawimbi

Shemeji, mume wa dada yangu, alisanifu bomba la antena la kuzungusha mawimbi kulia, jinsi setilaiti inavyotaka. Sasa mteja yuko njiani, setilaiti haiitiki, na mkataba unaanza kuota mbawa.

"Shemeji, hili si la kunywea juisi kweli?"

"Usinichokoze! Juzi mezani lilizungusha kulia."

"Na hapo mezani kulikuwa na dishi?"

Akashika kichwa. Mawimbi yakigonga dishi hugeuka, ya kulia yakawa ya kushoto, kama sura kwenye kioo. Na somo hilo ndilo analotuchosha nalo kila siku! Akalegeza skrubu, akalizungusha bomba robo mzunguko, ncha ya waya iliyo ndani ikibaki palepale, ili mawimbi yatoke ya kushoto na dishi liyageuze kulia. Setilaiti ikaitika, mteja naye akabisha hodi.

"Mlipata shida yoyote?"

"Hata kidogo," shemeji akajibu, huku akinikanyaga mguu nisicheke.