Tiki Mbili na Mstari Mwekundu

Makubaliano yalikuwa ya Pastory mwenyewe, wala hakulazimishwa na mtu: hakuna kumtangulia mwenzako. Yeye alikuwa mtunza stoo kwenye kiwanda cha kuchambua pamba huko Bunda, mkewe Happyness alikuwa na cherehani yake Mwigobero, na nyumba yao ya kupanga ilikuwa Makoko, huko huko Musoma mjini. Jumatatu alfajiri Pastory anaondoka, Ijumaa jioni anarudi. Binti yao Prudence yuko shule ya bweni. Sasa mke na mume wanaoonana siku mbili kwa wiki wafanye nini ili wasizoee kukaa mbalimbali? Pastory akaja na dawa yake: tamthilia.

Na si ya kusubiri ratiba ya stesheni, thubutu! Pastory alikuwa mjuzi, na alipenda ijulikane kwamba ni mjuzi. Kompyuta yake ilikaa chumbani, imewashwa Jumatatu hadi Jumatatu, inashusha episodi za tamthilia ya Kituruki iliyotafsiriwa Kiswahili, ya daktari mmoja mpole na mjane mwenye duka la mikate. Zikishashuka hazihitaji flashi wala waya. Tivii ya sebuleni inaziona yenyewe kupitia waifai. Unabonyeza rimoti tu, picha inatoka chumbani inakuja kwenye kioo. Na programu aliyoweka ilikuwa na kumbukumbu. Episodi iliyoangaliwa yote inawekewa tiki ya kijani, iliyoachwa njiani inachorwa mstari mwekundu kuonyesha imeachwa dakika ya ngapi.

Ijumaa wanaangalia moja au mbili, Jumamosi hivyo hivyo, basi. Mke hagusi mpaka mume arudi. "Hata kama nafa," Happyness alisema siku ile wanakubaliana, huku anacheka, "nitasubiri Ijumaa ndiyo nife."

Ijumaa tunayoizungumzia, Pastory alifika, akaoga, akala ugali na sato, akashika rimoti. Walikuwa wameishia episodi ya saba. Akafungua orodha.

Ya nane ilikuwa na tiki. Ya tisa ilikuwa na tiki. Ya kumi ilikuwa na mstari mwekundu, dakika ya thelathini na moja.

Akatoka kwenye orodha, akaingia tena, labda macho yamechoka na safari. Tiki zile zile.

"Mbona huweki?" Happyness akauliza. Alikuwa amekunja miguu kwenye kochi, kanga mabegani, tayari kabisa.

"Naweka. Haraka ya nini?"

Akaweka ya nane tangu mwanzo, lakini hakuiangalia. Alimwangalia mke wake. Mjane alipofungua barua, Happyness akajishika mdomo. Daktari alipoteleza kwenye ngazi, Happyness akapiga ukelele, "Mama yangu wee!" na kumkamata mumewe mkono. Lo, akawaza Pastory, kumbe nimeoa msanii! Mwishoni machozi yakamtoka Happyness, machozi kweli kweli, na Pastory akayatazama yanavyoshuka huku akijiuliza yameshashuka mara ngapi wiki hii, na yalilowesha bega la nani. Maana kwake yeye jambo lilikuwa wazi. Tamthilia ya mapenzi mtu haangalii peke yake.

"Wiki hii ulikuwa unarudi saa ngapi kutoka Mwigobero?"

"Saa kumi na mbili, kama siku zote. Kwa nini?"

"Nauliza tu. Na wageni je?"

"Wageni gani tena, Baba Prudence?"

"Nauliza tu."

Angeuliza swali moja la kweli pale pale, tusingekuwa na habari ya kusimulia. Lakini mwanaume akishashikwa na wivu haulizi, anapeleleza. Jumamosi asubuhi, Happyness yuko nje anafua karibu na dirisha, Pastory alihesabu vikombe kabatini. Akainama akachungulia chini ya makochi. Akanusa mito, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayechagua dagaa sokoni. Ilinuka sabuni. Na hilo nalo likamuudhi: mito imefuliwa ya nini?

Akiwa bado ameukumbatia mto, hodi ikapigwa. Alikuwa Khalidi.

Huyu Khalidi alikuwa jirani yao wa ukuta mmoja, kwani nyumba ile ilikuwa ya wapangaji wawili, mlango huku na mlango kule. Alitengeneza simu Mwigobero, hatua chache tu kutoka kwenye cherehani ya Happyness. Hana mke. Shati limenyooka, ndevu zimechongwa. Aliishi na mama yake, Bi Shamsia, ambaye wiki tatu zilizopita aliteleza kule mwaloni, wanakoshushia samaki, akavunjika mguu, sasa yuko ndani mchana kutwa na plasta yake. Happyness alikuwa anampelekea uji kila asubuhi, na Khalidi alikuwa amekuja kurudisha chupa.

"Kaka Pastory, karibu nyumbani! Mwambie shemeji mama anashukuru sana." Kisha jicho lake likaangukia tivii, ambako daktari alikuwa amesimama kimya, palepale Pastory alipomsimamisha asubuhi ile akiirudia ya nane. Khalidi akacheka. "Huyo daktari msimwamini kabisa. Ana pacha wake huyo!" Akaenda zake.

Pastory alibaki na chupa mkono mmoja, mto mkono mwingine. Pacha? Pacha gani? Akafunga mlango, akashika rimoti na kufanya kile ambacho hakuwahi kukifanya tangu makubaliano: akatangulia. Aliikimbiza ya tisa, hakuna pacha. Akafungua ya kumi, akaenda taratibu. Dakika ya ishirini na tisa, mlango wa duka la mikate ukafunguliwa, akaingia daktari wa pili, na ndevu.

Ebo! Mstari mwekundu ulikuwa dakika ya thelathini na moja. Anayemjua pacha ndiye aliyekaa kwenye kochi. Na hata ndevu zenyewe zilikuwa kama za Khalidi. Akaisimamisha dakika ile ile ya thelathini na moja, mstari usije ukasogea.

Wivu ulimla Pastory siku nzima. Ulimla mezani, samaki akabaki mzima sahanini. Aliona mkewe akiimba jikoni akajiuliza anamwimbia nani. Alimpenda mno Happyness, hilo lazima lisemwe, miaka kumi na sita alimpenda, na kila akimtazama sasa alimwona kwa macho ya Khalidi, akamwona mzuri zaidi, na hapo ndipo palipomuuma. Jioni hakuweka tamthilia. Alisema kichwa kinamgonga.

Jumapili, walipotoka kanisani, akamwambia, "Usivue viatu. Tunakwenda kwenu Butiama."

"Kuna msiba?"

"Utajua huko huko kwenu."

Happyness akachukua mkoba wake. Mwanamke wa huku akiambiwa hivyo anaelewa: anapelekwa kushitakiwa. Alichokuwa hajui ni kosa. Pastory akapiga picha ile orodha kwa simu yake, tiki mbili na mstari. Kisha, ili ushahidi usije ukafutwa na mtu, akaizima kompyuta na kuchomoa waya ukutani. Ilikuwa mara ya kwanza kuzimwa tangu mwezi wa tatu.

Butiama walipokelewa vizuri, na hilo lilimfanya Pastory aone aibu kidogo. Baba mkwe alishafariki. Aliyeshika mji ni Keraryo, kaka mkubwa wa Happyness, mkulima mwenye mikono mizito na maneno machache. Mama mkwe, Mama Matrida, alibaki jikoni, mlango umeachwa wazi. Mkwe hakabiliani na mama mkwe wake, lakini kusikia, alisikia kila kitu.

"Haya, shemeji," Keraryo akasema. "Tumekula, tumeshiba. Sema."

Pastory akasimama. Akaeleza makubaliano, akaeleza kompyuta, waifai na tiki, akaeleza mstari. Akatoa simu, Keraryo akaishika mbali na macho, akaisogeza karibu, akaigeuza.

"Shemeji, mimi shule niliishia la saba. Sisi tulikuwaga tukipata tiki tunashangiliwa. Hii ya dada yangu ndiyo ya kumleta nyumbani?"

"Ameangalia na mwanaume!" Pastory akapaza sauti. "Na mwanaume namjua! Khalidi, jirani! Alinitajia mwenyewe habari ya pacha, na huyo pacha yuko dakika ya ishirini na tisa!"

Happyness, ambaye muda wote alikuwa ameinamia mikono yake, aliinua uso. Hakulia. Alimtazama mumewe kama anayetafuta kitu alichokiweka mahali fulani na sasa hakioni. "Khalidi?" akasema. "Mimi?"

Kutoka jikoni ikaja sauti ya Mama Matrida, pole pole kabisa. "Keraryo. Hebu muulize huyo bwana. Yeye amejuaje kilichopo dakika ya ishirini na tisa?"

Pastory akanyoosha mkono kuchukua simu yake kwa Keraryo.

Na kabla hajaifikia, simu ya Happyness ikaita. Aliitazama, akaiweka juu ya meza katikati yao, akabonyeza spika. "Ni mama yake Khalidi," alisema. "Sikilizeni wote, msije mkasema nanong'ona."

"Happyness mwanangu!" Bi Shamsia alikuwa anapiga kelele, kama wanavyofanya watu wasioiamini simu. "Mko wapi? Mbona stesheni yenu imekatika?"

"Stesheni gani, mama?"

"Ya Pastory! Si imeandikwa jina lake kwenye tivii yangu, 'Kompyuta ya Pastory'? Nimeigundua Jumatatu, nabonyeza bonyeza rimoti kwa upweke wangu huu na mguu huu, mara naiona. Nikasema Mungu ambariki kijana huyu, amewawekea majirani stesheni bure. Saba za kwanza ulishanisimulia, basi nimeangalia nane, nimeangalia tisa, ya kumi nimefika pacha anaingia, usingizi ukanizidi, nikazima. Khalidi nimemchosha kwa kumsimulia, maana wewe hutaki! Kila nikikuanzia habari ya daktari unaziba masikio, unasema, 'Usiniambie, mama, mpaka Ijumaa mume wangu aje.' Sasa leo nataka kumalizia, nakuta hakuna kitu. Mwambie Pastory airudishe, jamani."

Nje kuku mmoja alikuwa anaparura.

Pastory alikumbuka hapo. Idi iliyopita, wamekaribishwa pilau kwa Bi Shamsia, tivii mpya ya Khalidi iko ukutani, na yeye mjuzi, mwenye shibe na sifa, akasema, "Lete rimoti nikuunganishie waifai yangu, mama, sisi ni wa nyumba moja." Aliandika paswadi kwa kidole chake mwenyewe. Na kwenye kompyuta, pale ilipouliza nani aruhusiwe kuona, alibonyeza: wote wa nyumbani. Hakujua kwamba kwa kompyuta, aliye kwenye waifai yako ni wa nyumbani kwako, awe ng'ambo ya ukuta au kwenye kochi lako.

"Ataiwasha, mama," Happyness akasema. "Ugua pole." Akakata.

Keraryo alimrudishia Pastory simu yake. "Shemeji, unywe maji," alisema. "Halafu mwombe dada yangu msamaha, na umwombe kwa sauti, mama asikie."

Aliomba. Aliomba kwa sauti mpaka ikakatika. Happyness akaitika kwa kichwa, wakarudi Musoma kabla ya jua kuzama, kila mmoja anatazama dirisha lake. Pastory alichomeka waya, kompyuta ikawaka, na ukutani wakamsikia Bi Shamsia akishangilia. Pastory akacheka. Happyness hakucheka. Jumatatu alfajiri Pastory akaenda kazini.

Wiki ile ilikuwa ndefu Bunda. Alinunua kitenge kizuri, akanunua na maandazi anayopenda mkewe. Ijumaa alifika mapema, moyo mwepesi, akiwa ameshaamua kwamba wataanzia ya tisa na atajifanya hajawahi kumwona pacha.

Chakula kilikuwa mezani, kimefunikwa. Happyness alikuwa amesimama mlangoni, amevaa kanga ya kutokea, mkononi ana chupa ya chai.

"Unatoka? Na tamthilia yetu?"

"Angalia tu," alisema kwa upole. "Mimi nimemaliza."

Pastory akashika rimoti, akafungua orodha. Tisa, tiki. Kumi, tiki. Kumi na moja, kumi na mbili, akashuka, akashuka, kijani tupu mpaka ya ishirini na sita, ya mwisho.

"Na nani?" Lilimtoka kabla hajalizuia.

"Na Bi Shamsia. Yeye huwaga hahesabu vikombe." Akaweka sawa kanga yake. "Ulinipeleka kwa mama yangu kwa kosa ambalo sijafanya, Pastory. Nikaona ni vizuri nilifanye, nijue lina utamu gani."

Hakumwita Baba Prudence. Alimwita Pastory.

Mlango ukafungwa. Akasikia hodi yake kwa jirani, akasikia "karibu mwanangu," kisha tivii ya upande ule ikaanza muziki wa tamthilia nyingine, mpya, ambayo yeye Pastory aliishusha mwenyewe na hajaiangalia hata dakika moja. Aliketi kwenye kochi, akaweka ya tisa. Mjane alikuwa anasema kitu kuhusu mikate. Pastory hakukisikia, maana ng'ambo ya ukuta Happyness alipiga ukelele, "Mama yangu wee!", na hapakuwa na mkono wake pale wa kukamatwa.